Cheti cha Kaimu

Kazini kwake hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Kaimu. Cheo hicho alikipata siku meneja wa miradi alipofungasha virago ghafla akahamia kampuni nyingine. Mkurugenzi, akiwa hajui ashike wapi, akamwona pale mapokezi anapokea simu mbili kwa wakati mmoja, akamwambia, "Wewe haya mambo unayajua. Hebu kaimu kidogo wakati tunatafuta mtu." Kidogo hicho, jamani! Watoto walioanza darasa la kwanza mwaka ule sasa wana ndevu, na mtu anayetafutwa hajapatikana. Barua zote zikawa zinakuja hivyo, Kaimu Meneja wa Miradi. Kibao cha mlangoni, Kaimu. Kwenye simu za mafundi, Kaimu. Kuna fundi vigae mmoja mgeni alifanya naye kazi miezi mizima akidhani hilo ni jina la babake, mpaka siku moja akamwuliza kwa adabu zote kama ana undugu na akina Kaimu wa kule kwao. Kaimu alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa saruji.

Kampuni yao inakarabati majengo ya watu wote, shule, zahanati, maktaba, na Kaimu ana sifa moja kubwa ambayo ndiyo hiyohiyo kasoro yake. Hawezi kusikia kitu kimeharibika akatulia. Mlango haufungi? Ameshafika. Rangi iliyoletwa siyo? Yuko dukani anafoka. Aliwahi kupanda juu ya paa na viatu vyake vya ofisini kuwaonyesha mafundi bati lililolegea, na alipotaka kushuka akakuta ngazi imeshachukuliwa kwenda kwingine. Akakaa huko juu anapunga mkono kama mgeni rasmi. Mafundi walimpenda sana, tena walimzoea vibaya. Likitokea lolote, usiumize kichwa, mpigie Kaimu, atakuja mwenyewe.

Aliyemzoea kuliko wote ni fundi bomba wao mkuu, mtu mzima mwenye mvi, mpole, mikono kama makoleo. Huyo ndiye aliyekuwa akiwaangalia wenzake pale kazini Kaimu asipokuwepo, ingawa hakuna barua iliyowahi kusema hivyo. Naye walimpa jina: Bado Kidogo. Ukimuuliza kama kazi imeisha, anakujibu bila kupepesa macho, "Imeisha, Kaimu. Bado kidogo tu." Sasa hicho kidogo ni Mungu mwenyewe anakijua. Mara nyingine ni koki moja haijakazwa. Mara nyingine ni bafu zima halina sakafu. Basi Kaimu akawa kila akiambiwa imeisha anafunga safari kwenda kujionea.

Ndipo ikaja habari ya wodi ya wazazi.

Wodi hiyo, katika hospitali kubwa ya mji wao, ndimo anamofanya kazi wifi yake. Dada wa mume wake ni mkunga, na kwa miaka mingi kila akija nyumbani Jumapili huanza na malalamiko kabla hajavua viatu. Kina mama wawili kitanda kimoja. Dari inavuja. Beseni liko katikati ya chumba kukinga maji, na wakunga wanaliruka wakiwa na watoto mikononi. Kaimu alikuwa akimsikiliza na vidole vinamwasha. Alishajenga wodi ile kichwani mwake mara nyingi, akaipaka rangi, akaweka madirisha mapana, akatoa lile beseni. Siku kampuni yao ilipopata kazi hiyo alipiga kelele ofisini mpaka mlinzi akapanda ngazi kuuliza kuna nini.

Furaha ile haikufika jioni. Mkurugenzi alimwita, akamfungia mlango, akaanza kupanga kalamu zake mezani, na hiyo huwa si dalili njema.

"Mama, mambo ni hivi. Wenye hospitali wana sharti. Anayesimamia mradi lazima awe na cheti cha kitaaluma cha usimamizi wa miradi. Si kile cha semina na soda, mama. Kile cha mtihani."

"Mimi nimesimamia miradi miaka yote hii, bosi."

"Najua. Wao hawajui. Ukipata cheti kabla hatujasaini mkataba, wodi ni yako, na habari ya ukaimu inakwisha siku hiyohiyo. Usipopata, itabidi nichukue mtu wa kutoka nje."

"Huyo mtu atakuja kufanya nini?"

Mkurugenzi akaipanga kalamu moja upya. "Kukuongoza."

Ala! Kumwongoza! Kaimu alitoka mle ofisini uso umemchemka, akashuka ngazi, akafika barabarani, na hapo ndipo akagundua jambo la ajabu. Hakuwa na hasira. Moyo ulikuwa unamdunda kwa raha. Miaka yote ile mlango ulikuwa umefungwa na hajui kitasa kiko wapi, na leo ameonyeshwa kitasa. Kumbe ni mtihani tu! Mtihani si mtu, hauna mjomba, haukuangalii usoni. Alimpigia simu mume wake palepale, katikati ya watu, akisema kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa, "Baba watoto, narudi shule!"

"Shule gani tena?" mume wake akauliza, na nyuma yake mashine ya kunyolea inanguruma. Ni kinyozi, ana saluni yake ya viti viwili kona ya mtaa.

"Ya mameneja!"

"Haya. Njoo basi, nikikunyoa utafanana nao."

Masomo yalikuwa Jumamosi asubuhi, katika chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ofisi, viti vya plastiki na feni inayogeuka upande mmoja tu. Mwalimu wao alikuwa mwanamume mwembamba, miwani inaning'inia kwenye kamba, sauti ya chini. Siku ya kwanza alisimama akawaambia, "Humu ndani nyote kazi mnaijua. Sitawafundisha kazi. Ila mtihani hautakuuliza wewe unafanya nini. Utakuuliza meneja afanye nini." Kaimu akacheka moyoni. Si ndiyo mamoja?

Si mamoja hata kidogo. Jaribio la kwanza alianguka kifudifudi. Si kwamba alikosa kidogo, la, alama zilikuwa za kutia huruma, za kuficha chini ya mkoba. Na hakuelewa kwa nini, maana maswali yale yalimfurahisha, alikuwa akiyasoma na kuitikia kwa kichwa, "Hilo lilinitokea, na hili pia." Darasa lilipotawanyika mwalimu akavuta kiti akakaa naye.

"Tazama hapa, mama. Pampu imeharibika. Meneja afanye nini kwanza? Umechagua: aende mwenyewe akaitazame."

"Ndiyo."

"Mwenye mradi amekasirika. Umechagua: aende mwenyewe akamtulize. Mafundi wawili hawaelewani. Aende mwenyewe. Vifaa vimechelewa bandarini."

"Niliandika aende mwenyewe," Kaimu akasema taratibu.

"Bandarini, mama."

"Sasa mwalimu, si angalau nimeenda?"

"Umeenda kila mahali!" Mwalimu akavaa miwani, akaivua tena, akacheka kwa mara ya kwanza. "Mradi wako una watu tele, na anayefanya kazi ni mmoja. Ningefuta jibu hilo kwenye kila swali, ungefaulu leo."

Maneno yale yalimwingia. Alipitia saluni kimya, na kimya si kawaida yake, mpaka mume wake akazima mashine akamwuliza nani amefariki. Alipomweleza, mwanamume yule akacheka hadi mteja aliyekuwa kitini akashika sikio lake kwa wasiwasi. "Mke wangu, huyo mwalimu amekujua kwa siku moja! Mimi imenichukua ndoa nzima." Halafu akavuta benchi la wanaosubiri, akalisogeza karibu na kioo. "Kaa hapa. Soma kwa sauti. Sisi tutakuwa tunakuzuia."

Basi hivyo ndivyo saluni ya kinyozi ilivyogeuka darasa. Kaimu akitoka kazini anapitia pale, anakaa kwenye benchi na kitabu chake kinene, anayageuza maswali yawe Kiswahili cha mtaani, anayasoma. Wateja, ambao hawana pa kwenda kwa sababu wamevishwa shuka mpaka shingoni, wanajibu. Na ole wake akisitasita kwenye lile jibu lake. Saluni nzima ilikuwa inamfokea kwa pamoja, "Usiendeee!" Watu waliokuwa wanapita njiani walichungulia ndani wakidhani kuna ugomvi.

Na mambo yakaanza kufunguka kichwani, moja baada ya jingine. Kulikuwa na somo kuhusu kazi inayovimba polepole bila mtu kukubaliana nayo. Kitabu kililieleza kwa kurasa nyingi na michoro. Kaimu aliposoma nusu ya ukurasa mume wake akasimamisha mashine hewani.

"Hiyo naijua! Huyo hapa!" Akamwelekezea kitana mteja wake, muuza nyama wa mtaa wa pili. "Amekuja kunyoa nywele. Nimemaliza, anasema nichongee na ndevu. Nimechonga, anasema hapo shingoni je? Sasa hivi ameanza kuniinulia pua, nimkate na za ndani. Na bei ni ileile!"

"Mimi ni mteja wa siku nyingi!" muuza nyama akalalamika kutoka chini ya shuka.

"Ndiyo maana umevimba."

Jambo lililomtesa zaidi lilikuwa neno moja tu, hatari. Kitabu kilisema meneja lazima azipangie hatari mapema, sawa, hilo halina ubishi. Lakini kikaendelea kusema kwamba kuna hatari mbaya na kuna hatari nzuri, na ile nzuri uifungulie mlango. Kaimu akagoma. Hatari nzuri! Moto mzuri uko wapi? Ngazi nzuri ya kuanguka nayo iko wapi? Kila swali la namna hiyo alilikosa, akasoma tena, akalikosa tena, akataka kukirusha kitabu kwenye ndoo ya nywele.

Aliyemwokoa ni dereva wa teksi aliyekuwa amekaa kitini nusu kichwa kimenyolewa, nusu bado. "Shemeji," alisema, "wewe hujasikia watu wakisema mchezaji fulani ni hatari? Maana yake si kwamba ni mbaya. Anacheza mpaka anatisha. Akiwa timu yako unashangilia. Akiwa timu ya wenzako ndipo unakoma."

Kaimu akamkazia macho. Kisha akaruka kutoka kwenye benchi, kitabu kikaanguka kule, "Wee! Kumbe!" Kumbe hatari ni jambo ambalo hujui litaangukia upande gani, ndiyo tu! Linaweza kukufunga, linaweza kukufungia. Alimshukuru yule dereva kana kwamba amemtoa jela, na mume wake, kwa furaha, akamnyolea bure ile nusu iliyobaki. Tangu siku hiyo swali la hatari halikumshinda tena.

Alama zikapanda. Alianza kuamka kabla ya watu, si kwa kulazimishwa, kwa uchu. Alitembea sokoni akijisemea peke yake. Nyumbani alianza kuwaita watoto wadau. "Wadau wa chakula cha jioni, mezani!" Kijana wake mkubwa akamwuliza yeye ni mdau wa nini hasa, akaambiwa ni mdau wa vyombo, nenda kavioshe. Hata wifi mkunga alikuja Jumapili akasahau kulalamika, akashika kitabu yeye ndiye anauliza, na sauti yake ya wodini ile ya kuwaamrisha watu wasukume.

"Wifi yangu," alisema alipofunga kitabu, "nisikilize. Ukiniletea pale mtu wa kutoka nje ambaye hata hajui mlango wa wodi unafungukia upande gani, mimi na wewe hatuzungumzi."

"Sikuletei. Naja mwenyewe."

"Usiendeee!" watoto wakapiga kelele kutoka jikoni, na wote wakaangua kicheko.

Siku ya mtihani ilikuja na jua kali. Alivaa gauni lake la bluu na viatu vya kisigino, akafika mapema kwenye lile jengo la vioo, mume wake akimsindikiza, saluni ameifunga, jambo ambalo halijawahi kutokea siku ya kazi. Roho ilikuwa juu, lakini ile roho juu tamu, ya mtu anayengoja kuitwa jukwaani. Akajiandikisha. Akaonyeshwa kabati la kuwekea simu. Na simu ile, mkononi mwake, ikalia.

Bado Kidogo.

"Kaimu, samahani sana, najua leo ni leo. Bomba la kutoka kwenye tangi limepasuka hapa shuleni. Maji yanaingia maktaba. Dari mpya yote inalowa. Tunakusubiri."

Tunakusubiri! Miguu yake yenyewe iligeuka ikaelekea mlangoni, naapa, kabla yeye hajaiambia kitu. Ile shule walikuwa wamebakiza wiki moja kuikabidhi. Dari ile aliichagua mwenyewe. Kwa teksi angefika mara moja, na mtihani ungekuwa umempita, na nafasi nyingine isingepatikana kabla ya mkataba. Mume wake alimtazama. Usoni kwake ilikuwa wazi kwamba anajizuia kwa nguvu zote.

Kaimu akasimama. Akavuta pumzi.

"Niambie unaona nini," akasema.

Bado Kidogo akashangaa. "Naona nini? Naona maji."

"Yanatokea wapi?"

"Kwenye kiungo cha juu ya dari. Kiungo, si bomba lenyewe."

"Ungekuwa wewe ndiye wa kuamua, ungefanya nini?"

Kaimu alisikia maji yakimwagika huko upande wa pili, alisikia mtu akipiga kelele kuhusu vitabu, na aliuma mdomo wake mpaka ukauma. Halafu sauti ya fundi ikarudi, polepole, kama mtu anayejaribu ubao kabla hajaukanyaga. "Ningefunga koki kuu. Ningezima umeme wa upande huu. Vitabu vitoke nje vyote. Halafu... Kaimu, ile dari iliyolowa haifai kuachwa. Ningeikata kipande kile, nikabadilisha kiungo, nikaweka bodi mpya. Bodi ziko stoo."

Ni kile ambacho yeye angefanya. La, kwa kweli asingefikiria kuikata dari mapema hivyo.

"Fanya hivyo. Kila kitu ni uamuzi wako. Mimi nazima simu."

"Unazima simu?"

"Naizima."

Akaizima, akaitia kabatini, akafunga. Mume wake hapo ndipo alipopumua. "Mke wangu," akasema, "wewe ni hatari." Akamsukuma kidogo begani, ingia.

Ndani kulikuwa baridi na kimya, kila mtu na skrini yake. Swali la kwanza lilimtia jasho, la pili likamchekesha, na baada ya hapo alisahau alipo. Yalikuja maswali ya watu wanaogombana, ya vifaa vilivyochelewa, ya wenye mradi wanaobadilisha mawazo kila asubuhi, na kila lile jibu lake la zamani lilipotokea, limekaa pale linamwita, alilipita bila kuligusa. Kulikuwa na swali moja la bomba. Ndiyo, bomba! Nusura acheke kwa sauti, na msimamizi wa mtihani akanyanyua shingo. Alipobonyeza kumaliza, skrini ikawa nyeupe kwa muda ambao ulimtosha kumkumbuka Mungu na kumwahidi mambo mengi. Kisha likatokea neno.

Amefaulu.

Alilisoma. Akalisoma tena kutoka mwisho. Machozi yakamtoka bila taarifa, akainuka na kiti kikaanguka nyuma yake, akamkumbatia msimamizi wa mtihani, dada wa watu ambaye hawajuani hata kidogo, na dada wa watu, baada ya kushtuka, akamkumbatia pia. Nje mume wake alimwona tu uso, hakuhitaji kuuliza. Alimnyanyua juu mbele ya walinzi wa jengo, mtu na umri wake.

Halafu akawasha simu. Hakuna aliyempigia. Hata mmoja! Hapo furaha ikaingia baridi. Ama mambo yamekwenda vizuri, ama simu ya Bado Kidogo imezama pamoja na vitabu. Wakakimbilia shuleni kwa teksi, naye njia nzima ameshika kitasa cha mlango.

Mbele ya maktaba vitabu vilikuwa vimepangwa juu ya madawati, juani, kurasa wazi. Ndani, kipande cha dari kilikuwa kimeondolewa kwa msumeno, kingo zimenyooka, na bodi mpya imeshapigwa. Sakafu ilikuwa kavu. Bado Kidogo alisimama chini ya ngazi, amelowa chapachapa, na pembeni yake, suruali imekunjwa mpaka magotini, alikuwa mkurugenzi. Alikuja kwa hofu aliposikia mafuriko, akamtafuta Kaimu, akaambiwa yuko mtihanini na hapatikani. Akakaa kuangalia nani atashindwa, wala hakuona wa kushindwa.

"Imeisha, Kaimu," fundi akasema.

Kaimu akangoja. Watu wote wakangoja. Alitazama dari, akamtazama fundi, akangoja lile neno la pili lije.

"Imeisha," Bado Kidogo akarudia. "Nimefungua maji, nimeangalia, halitoki hata tone."

Mguu wa Kaimu ulishaanza kwenda kwenye ngazi, apande akapapase kile kiungo kwa mkono wake. Akaurudisha. "Asante," akasema. Ni neno dogo, lakini lilimtoka kwa shida, na ukweli ni kwamba lilimchoma kidogo pia. Wameweza bila yeye! Kisha huo mchomo ukageuka raha kubwa kuliko hata ile ya kwenye skrini. Wameweza bila yeye!

Mkurugenzi akakunjua miguu ya suruali yake. "Ehe?"

"Nimefaulu, bosi."

Kelele zilizopigwa pale zilimtoa mwalimu mkuu ofisini. Mafundi plasta walipiga ndoo. Bado Kidogo alimpa mkono, akakumbuka una maji, akaufuta kwenye shati ambalo nalo lina maji, wakacheka wote wawili.

Jumatatu iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kusaini. Ofisini kwa mkurugenzi palikuwa na maua mezani, na ofisa wa hospitali katika suti, na wifi yake mkunga, aliyeletwa kuwakilisha wodi, amekaa wima kama bibi harusi. Barua ya Kaimu ilikuwa juu ya mafaili: Meneja wa Miradi. Neno la mbele halikuwepo. Aliiangalia muda mrefu, akaikunja vizuri, akaiweka mkobani karibu na kile cheti. Kisha akavuta mkataba akaanza kuusoma, maana sasa amejifunza kusoma kila ukurasa, na kwenye ukurasa wa wahusika wa mradi akasimama.

"Bosi, huyu fundi bomba wetu. Hapa ameandikwa Kaimu Msimamizi wa Ujenzi."

"Ndiyo. Si ulimpendekeza mwenyewe? Nimempandisha."

"Kwa nini kaimu?"

"Kwa muda tu. Tumwangalie kidogo, halafu tutaona."

Kaimu akaiweka kalamu mezani. Haikupiga kelele, lakini watu wote waliisikia.

"Wifi," mkunga akasema kwa sauti ya chini. "Saini, wifi."

Wodi ilikuwa pale, kwenye karatasi, madirisha yake mapana na yote, na jina lake chini likisubiri sahihi. Alijua anachoweka rehani. Alijua pia kwamba akinyamaza leo, atanyamaza siku zote.

"Sitasaini hivi," akasema. "Mpe cheo kizima. Leo, sio tutaona."

"Unataka kuiponza wodi nzima kwa sababu ya neno moja?"

"Neno hilo wewe umeliandika tu, bosi. Mimi nimelivaa. Najua uzito wake."

Ofisa wa hospitali akatazama saa yake. Wifi akafumba macho. Mkurugenzi akaanza kupanga kalamu, moja, mbili, ya tatu akaiacha ikibiringika. Alimtazama yule mwanamke aliyemtoa mapokezi zamani kwa maneno mepesi, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyekumbushwa deni alilodhani limesahaulika. Akainua simu ya mezani akamwambia katibu wake, "Ule ukurasa wa wahusika uchapwe upya. Toa neno kaimu."

"Toa lote?" katibu akauliza, na wote wakasikia.

"Toa lote."

Ukurasa ulirudi ungali na joto la mashine. Akausoma, akasaini, wifi akapiga kigelegele ndani ya ofisi ya watu, na ofisa wa hospitali akajikuta anapiga makofi.

Bado Kidogo alikuwa nje kwenye ngazi na boksi lake la vifaa, ameitwa bila kuambiwa sababu, amekaa kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Meneja alishuka akakaa karibu naye kwenye ngazi palepale, akampa nakala yake, akamwonyesha mstari kwa kidole. "Msimamizi wa Ujenzi, wodi ya wazazi. Huyo ni wewe."

Aliusoma akisogeza midomo. "Kaimu?"

"Hapana. Wewe tu."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Mtu mzima yule mwenye mvi akaitazama karatasi, akaiweka juu ya goti, akatoa simu mfukoni na kupiga namba bila kuitafuta. "Mama," akasema. "Mama, nimepewa kazi." Sauti ya bibi kizee ikasikika mpaka nje ya simu ikiuliza kazi gani tena, kwani wewe huna kazi miaka yote hii? Akacheka, akajifuta macho kwa mkono wa shati, akakosa pa kuanzia. Alimgeukia meneja wake kwa macho ya kuomba msaada. Meneja alitikisa kichwa, akatabasamu, akamwacha aeleze mwenyewe.